Siku Vitanda vya Jumbe Vilipowambuliwa

Kisa, kisa!
Kisa, kaa!
Kikae wapi?
Kikae hapa kati yetu, kila mtu akione!

Basi sogeeni. Wewe Makame, toa mguu juu ya ukili wangu. Nimeusuka mimi, hujausuka wewe. Haya, sasa tulieni.

Zamani, zamani za kale, zamani za watu kufa wakazikwa na makaburi yao nayo yakafa, ulikuwako mji ukiitwa Kiringe. Msiniulize uko wapi. Mimi niliambiwa na bibi yangu, na yeye aliambiwa na bibi yake, na hao wote hakuna aliyeonyeshwa njia. Ulikuwa mji wa mlimani, mji wa ukungu, na kipupwe kikiingia huko kilikuwa kinaingia kweli. Kiliingia mlangoni, kikaingia kitandani, kikaingia mifupani.

Mji huo ulikuwa na juu na chini. Juu walikaa wakubwa, na mkubwa wa wakubwa alikuwa Jumbe Shebwana. Chini walikaa wenye mikono. Pamba ilisokotwa chini, nguo ikafumwa chini, ikapanda juu. Mkeka ulisukwa chini, ukapanda juu. Chungu kilifinyangwa chini, kikapanda juu. Na vikishachakaa, vikishatoboka, vikishapauka, vikishavunjika masikio, vilishuka. Vilitupwa uwanjani nje ya lango la juu, na watu wa chini wakaenda kuchagua. Uwanja huo waliuita Soko la Makorokoro.

Mnacheka nini? Mwatime, hilo gauni ulilovaa alilivaa nani kabla yako? Hujui. Hata mimi sijui. Mama yako aliinama belo la mitumba lilipokatwa, akasukumwa, akasukuma, akalipata, na leo umependeza. Basi ndivyo hivyo hivyo.

Katika wachaguaji wa Kiringe alikuwako mwanamke mmoja jina lake Mize binti Kombo. Mrefu, mwembamba, na sauti yake ilikuwa haijui kunong'ona. Mumewe alikuwa Zubari, msokota kamba. Huyo alikuwa mpole wa wapole. Ukimkanyaga mguu, anakuomba radhi yeye.

Mize alikuwa na jicho. Wengine walipoona tambara, yeye aliona kitu. Joho lililoliwa na nondo, yeye aliona ndani yake mto na kofia ya mtoto. Mkeka uliooza katikati, yeye alikata pembe iliyosalia akaifanya kawa la kufunikia chakula. Chungu kilichokatika shingo alikijaza udongo akapanda mrehani. Watu wakimcheka, "Mize, hicho kimekwisha!" naye huwajibu, "Kimechakaa, hakijafa."

Akashona, akashona, akashona. Wanawake wakaja kukaa barazani kwake, mmoja na sindano yake, mmoja na matambara yake. Akawaonyesha namna ya kugeuza upande uliopauka ukaenda ndani, namna ya kupatanisha rangi zinazogombana, namna ya kujaza sufi katikati ya nguo mbili ili baridi ikifika igonge mwamba. Na nyumba za chini, zilizokuwa hazijui ila weusi wa kaniki, zikaanza kung'aa. Mlango huu pazia la manjano na kijani. Mlango ule mito ya buluu. Watoto wakacheza na wanasesere wa vitambaa. Watu wakawa wakipita mitaa ya chini polepole, wakitazama.

Lakini kitu alichokishona Mize kwa roho yake yote kilikuwa kimoja, nacho kilikuwa shuka la viraka.

Mize alikuwa na binti, Arafa, binti wa pekee. Kipupwe cha mwaka uliopita Arafa alijifungua mtoto wa kiume, na baridi ikamchukua yule mtoto kabla hajatimiza arobaini. Aliamka asubuhi akamkuta kimya. Sasa Arafa alikuwa na mimba nyingine. Mize hakulia wala hakuzungumza sana. Alisema tu, "Huyu hatachukuliwa na baridi. Labda initoe mimi kwanza." Akaanza kushona. Kiraka cha kilemba cha kijani, kiraka cha pazia jekundu, kiraka cha gunia laini la mchele, na katikati, palipotakiwa papendeze kuliko pote, akaweka kipande cha joho la buluu alichokiokota sokoni. Akajaza sufi. Akashindilia mishono. Lilipokwisha lilikuwa zito, la joto, na zuri, wanangu, zuri la kukufanya uvue viatu ukilisogelea.

Ikafika Siku ya Mwaka. Juu na chini wote huteremka mtoni siku hiyo kuoga maji ya mwaka. Arafa akaenda amejifunika lile shuka mabegani, maana ukungu ulikuwa mzito. Watu wakamzunguka. "Arafa, umelitoa wapi?" "Kashona mama." "Hebu nishike!" "Na mimi nishike!"

Hapo alikuwapo Mwana Khadi, mke wa Jumbe, amevaa nguo mpya kabisa, na hakuna aliyekuwa akimtazama. Akasogea aone watu wanatazama nini. Akaona ile buluu.

"Hilo ni joho la harusi yangu," akasema.

Shoga yake mmoja, asiyejua kufunga mdomo, akasema, "Ndilo, ndilo! Mbona kwa huyu limependeza hivi?"

Mwana Khadi hakucheka. Aligeuka akapanda mlima, na hata maji ya mto hakuyagusa.

Nanyi mnajua, la mgambo likilia lina jambo. Kesho yake likalia. Mpiga mbiu wa Jumbe, na ndiye mkuu wa askari wake, aliitwa Tendeu. Akapita mitaa yote ya chini na pembe lake:

"Jumbe anasema! Kitu cha nyumba ya juu ni cha nyumba ya juu, kiwe kizima, kiwe kimechakaa! Kilichotupwa hakikutolewa! Nguo zote za viraka zipelekwe uwanjani zichomwe! Na Soko la Makorokoro limefungwa!"

Na kipupwe ndiyo kwanza kinaingia! Mnaona uchungu wa jambo hilo? Si mapambo yaliyoagizwa kuchomwa. Ni matandiko, ni mashuka ya watoto, ni mito ya wazee.

Wengine wakatoa kwa hofu. Wengine wakaficha, askari wakaingia wakafichua. Tendeu mwenyewe akafika kwa Mize, akamkuta ameketi kizingitini, shuka limekunjwa mapajani.

"Mama Mize, nimefuata hilo."

"Unalitaka wewe?"

"Si mimi, mama. Ni Jumbe."

"Jumbe hana miguu?"

"Mama, nakuomba, usinitie matatani."

Zubari akatoka ndani. "Mke wangu, mpe. Tutashona jingine."

"Kwa nguo ipi, nalo soko limefungwa?"

"Mize, mdomo wako utatuponza."

"Na wako, Zubari, umetuponya nini?"

Mize akasimama, akalibeba shuka begani. "Twende, Tendeu. Nitalipeleka mwenyewe. Lakini nalipeleka barazani, maana nina neno la kuuliza."

Wakapanda. Arafa akafuata na tumbo lake, na Zubari akafuata nyuma kabisa, na watu wa mitaani wakafuata. Wakamkuta Jumbe Shebwana ameketi juu ya mito, chini ya mito kuna mkeka wa rangi, na wazee wa mji wamemzunguka.

"Mize, hukusikia mbiu?"

"Nimesikia, Jumbe wangu. Lakini maneno yakishuka mlima huokota mengine njiani. Nimekuja niyasikie hapa yanapochimbuka."

"Basi sikia. Hicho ulichobeba ni changu."

"Mlikitupa."

"Tulikitupa, hatukukupa. Kitu ni cha kule kilikotoka. Hata kikizunguka dunia nzima, mwenyewe ni kule kilikotoka."

"Hiyo ndiyo hukumu?"

"Ndiyo hukumu."

"Ni ya kila mtu, au ni ya Mize peke yake?"

Jumbe akaona wazee wanamtazama. Akavimba. "Hukumu yangu haina mlango wa nyuma! Ni ya kila mtu, wa juu na wa chini!"

"Hewala," akasema Mize. Akawageukia wazee. "Wazee wangu, mmesikia?"

"Tumesikia," wakasema wazee.

"Chomeni!" akasema Jumbe.

Wakamnyang'anya. Wakaliteremsha uwanjani, wakalitupa juu ya moto uliokuwa tayari unakula nguo za wenzake. Sufi, wanangu, inashika moto upesi. Lilifumka mara moja, rangi zote zikaenda kwa pamoja. Arafa akapiga ukelele akakaa chini. Mize hakulia. Alisimama akatazama mpaka likawa jivu. Kisha akainua uso kule juu barazani, akasema kwa ile sauti yake isiyojua kunong'ona:

"Jumbe! Langu umelimaliza. Kesho nakuja kwa ajili ya lako!"

Askari wakacheka. Mwanamke mkavu kama yule, atamfanya nini Jumbe?

Sasa sikieni njia yenyewe ilitoka kwa nani. Haikutoka kwa Mize; yeye alikuwa na neno tu. Jioni ile Zubari alikuwa ameketi na binti yake. Arafa anatetemeka, amejifunika kaniki, na kaniki ni kama hajajifunika kitu. Zubari akamtazama, akamtazama. Akaufunua mguu wake uliokuwa baridi, akaushika kwa mikono miwili. Kisha akasema taratibu, kama mtu anayezungumza na kamba yake:

"Mize. Vitanda vyote vya juu, nani aliviwamba?"

"Wewe."

"Kamba zake zilitoka wapi?"

Mize akamtazama mumewe kama anayemwona leo. Kisha akacheka, akacheka mpaka akajishika mbavu. Akatoka akaanza kubisha milango ya majirani, mlango hata mlango, akiwauliza kila mtu swali lile lile. Chako kilicho juu ni kipi? Nacho kilitoka wapi?

Asubuhi wakapanda. Mbele yao nani? Zubari! Zubari yule yule wa kuomba radhi. Nyuma yake wafumi, nyuma yao wasuka mikeka, nyuma yao wafinyanzi, nyuma yao wachoma chokaa. Hawana fimbo wala mawe. Wana mikono yao tu.

Langoni Tendeu akawazuia. "Mnakwenda wapi?"

"Tunakwenda kutii amri," akasema Zubari.

"Amri gani?"

"Ya Jumbe. Kitu ni cha kule kilikotoka."

Askari wakashika mikuki. Nanyi mjue kwamba Tendeu naye alikuwa mtoto wa chini, na mkewe alikuwa mmoja wa wale waliokaa barazani kwa Mize na sindano, na nyumbani kwake pia askari wenzake waliingia, na wanawe walilala wakigonganisha meno. Akawatazama watu wale. Akainamisha mkuki wake.

"Amri ni amri," akasema. "Piteni."

Wakapita. Jumbe bado amelala. Zubari akaingia chumbani, akapiga goti. "Shikamoo, Jumbe. Samahani, inuka kidogo."

"Wewe nani?"

"Mwenye kamba."

Akaanza kuwambua. Akafungua, akavuta, akakunja. Akafungua, akavuta, akakunja. Jumbe akajikuta amening'inia, mguu huku, kichwa kule, kisha puu! sakafuni. Chumba cha pili, akafungua, akavuta, akakunja. Nyumba nzima vitanda vikabaki miti mitupu, kama mifugo iliyochunwa.

Wasuka mikeka wakakunja mikeka. Wafinyanzi wakamwaga maji polepole, kwa adabu, wakachukua mitungi. Wafumi wakashusha mapazia. Jumbe anakimbia huku na huku, "Acha hiyo! Acha hiyo!" na kila anayemkemea anajibu kwa upole, "Kilitoka kwangu, Jumbe."

"Tendeu! Wapige!"

"Jumbe wangu," akasema Tendeu kutoka mlangoni, "nimpige anayetii?"

Akaja bibi mmoja mkongwe, msokota pamba, mgongo umepinda kama mundu. Akashika pindo la joho alilovaa Jumbe, akalipapasa kwa vidole. "Uzi huu ni wangu, mwanangu. Naujua kama ninavyowajua wanangu. Livue."

"Mtaniacha uchi?"

"Hatukuachi uchi," akasema Mize. Alikuwa amesimama mlangoni, amebeba kaniki nyeusi. "Nimekuletea hii. Nayo sikupi. Nakuazima."

Jumbe akavaa kaniki. Ndiyo, Makame, akavaa. Ungefanyaje wewe?

Akavaa, lakini bado anatishia. "Nitawafukuza! Mji mzima wa chini, nitaufukuza!"

"Tufukuze," akasema Mize. "Utabaki na nini? Kuta? Kuta nazo zina chokaa, na wachoma chokaa wako nje wanangoja zamu yao."

Mwana Khadi alikuwa ameketi pembeni, juu ya sakafu tupu, amekumbatia magoti. Midomo yake ilikuwa imebadilika rangi. Akasema kwa sauti ndogo, "Baridi hii inapanda kutoka chini."

"Ndiyo hiyo," akasema Mize. "Ndiyo iliyomchukua mjukuu wangu. Karibu, mfahamiane."

Hakuna aliyecheka. Mwana Khadi alimtazama Mize muda mrefu, kisha akatazama pembeni, machozi yanamtoka. "Mume wangu," akasema, "ifute."

Jumbe hakuifuta saa ile. Kiburi ni kitu kigumu, kinachukua muda kuchemka. Alikaa sakafuni na kaniki yake mpaka jua likapita utosini, na watu wako nje wakimngoja, wamekalia kamba na mikeka. Mwisho akatoka. Akasimama mbele ya wazee wale wale.

"Naifuta hukumu."

"Uliitoa kwa mbiu," akasema Mize. "Ifute kwa mbiu."

Tendeu akapuliza pembe. Inasemekana hakuwahi kulipuliza kwa nguvu namna ile tangu akabidhiwe. Mitaa yote ikasikia: kilichotupwa ni cha aliyekiokota, na Soko la Makorokoro liko wazi, na halitafungwa tena na mtu yeyote. Vitu vikarudi juu, lakini si vyote, na si siku moja. Zubari aliviwamba upya vitanda vya Jumbe, kweli, lakini hakuwa na haraka.

Je, nimemaliza? Sijamaliza. Mtu mwenye nguvu akishindwa kwa fimbo hujaribu kwa asali.

Kipupwe kikazidi. Arafa amekaribia kujifungua, na lile shuka ni jivu. Siku moja Tendeu akafika kwa Mize na mzigo kichwani. Akautua, akaufungua. Jora zima la hariri, nyekundu, mpya, haijaguswa na mkono wa mtu. Majirani wakajaa uani. Hawajaona kitu kama kile.

"Jumbe anakusalimu," akasema Tendeu, na hakupenda alichotumwa. "Anasema hii ni badala ya lililochomwa. Tena anasema iko nyumba juu, imetengenezwa, uhamie wewe na mumeo na binti yako. Utashonea nyumba ya Jumbe peke yake. Ila usifundishe tena hawa wa huku."

Watu wakatazama chini. Nani angemlaumu? Nyumba yenye joto, na binti ana mimba. Mize akaishika ile hariri. Akaipapasa. Ilikuwa nzuri, hakujidanganya. Akamtazama Arafa, naye Arafa akatikisa kichwa kidogo tu, hivi.

"Nileteeni mkasi," akasema Mize.

Akakata. Kra! Akakata tena. Kra! Tendeu akashika kichwa. "Mama! Mama, ni mpya hiyo!"

"Naona. Ndiyo kasoro yake."

Akakata, akakata, akakata. Akaita, "Nani alichomewa shuka la mtoto? Njoo. Nani alichomewa mto wa mama yake? Njoo." Wakaja mmoja mmoja, kila mmoja akaondoka na kipande chekundu mkononi, na mke wa Tendeu akiwamo. Mpaka jora likaisha. Arafa naye akapata kipande, sawa na wenzake, hakikuwa kikubwa zaidi.

"Nimwambie Jumbe nini?" akauliza Tendeu. "Nimwambie umeipenda?"

"Mwambie nimeikata."

Basi kipupwe kile, ukisimama juu kwa Jumbe ukatazama chini, uliona nyumba hata nyumba, kwenye kila shuka lililoanikwa, kiraka chekundu. Na Jumbe alikuwa akisimama akitazama. Mtoto wa Arafa alizaliwa katika baridi kali kuliko zote, na wanawake wa mtaa walikuwa wameshamshonea shuka, kila mmoja mshono wake. Alikuwa wa kike. Aliishi. Alilia kwa sauti isiyojua kunong'ona.

Na nyinyi, mkiambiwa kitu hakifai, ulizeni, hakimfai nani? Na mkiambiwa nyinyi hamfai, msijibizane. Tazameni nyumba ya anayewaambia, mwone ndani yake ni kipi ambacho hakikupita mikononi mwenu.

Hapo ndipo kisa kinapoishia. Kilicho kizima kaeni nacho. Kilichotoboka msinirudishie. Kishoneni.